Je, wajua kwa nini marudio yana dhahabu nyingi kuliko ile aliyoondoka nayo mchimbaji?

Ukipita Lwamgasa, Nyarugusu au kwingineko mkoani Geita penye makarasha, yaani mashine za kusaga mawe, utaona vilima vya mchanga laini vimelundikwa pembeni ya mialo, ile mifereji ya mteremko iliyotandikwa magunia ya kunasa dhahabu. Hayo ndiyo marudio: mawe yaliyosagwa, yakaoshwa mwaloni, kisha yakaachwa. Mara nyingi mchimbaji mdogo huyaacha kwa mwenye karasha kama sehemu ya malipo ya kusagiwa, akijua kwamba dhahabu yake ameshaichukua.

Hajaichukua yote. Kwa kawaida mwalo na zebaki hutoa chini ya nusu ya dhahabu iliyokuwa ndani ya jiwe, na kuambulia theluthi moja tu si jambo la ajabu. Chukua mfano wa tani 20 za mbale (mawe yenye dhahabu) zenye gramu 10 kwa kila tani, yaani gramu 200. Zebaki ikitoa asilimia 35, mchimbaji anaondoka na gramu 70. Gramu 130 zinabaki kwenye kilima. Mwenye kiwanda kinachotumia sayanaidi, kemikali yenye sumu inayoyeyusha dhahabu, akitoa asilimia 85 ya hizo, anapata gramu 110. Huyu hakuchimba duara (shimo la mgodi), hakununua matimba (magogo ya kushikilia kuta zake) wala baruti, hakukesha na pampu ya maji, na bado kapata zaidi ya aliyefanya yote hayo.

Kwa nini mwalo unaacha kiasi hicho?

Mwalo hufanya kazi kwa tofauti ya uzito. Dhahabu ina uzito mara 19.3 ya maji, na jiwe jeupe la kwatzi mara 2.65 tu. Kwa hiyo punje ya dhahabu inazama na kushikwa na gunia, huku mchanga ukienda na maji. Tatizo huanza punje inapokuwa ndogo. Ukipunguza kipenyo chake kwa nusu, uzito wake haupungui kwa nusu, unabaki moja ya nane. Ikifika chini ya mikroni 70 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ambayo ni kama unene wa unywele, maji yanaibeba kabla haijagusa gunia. Tena dhahabu ni laini. Ikikaa muda mrefu ndani ya karasha na vyuma vinavyoigonga, haivunjiki bali inabanjuka kuwa vipande bapa vyembamba sana, na vipande vya namna hiyo huweza kuelea juu ya maji hata kama ni vizito.

Basi mtu atasema: tusisage sana. Hapo anakutana na upande wa pili wa shida. Jiwe likisagwa kwa ukubwa wa mchanga wa kawaida, dhahabu nyingi inabaki imefungiwa ndani ya kwatzi. Punje ya mchanga yenye chembe ya dhahabu katikati ina uzito unaokaribiana na mchanga mwingine, kwa hiyo mwalo hauitambui. Zebaki nayo haiwezi kushika dhahabu isiyoigusa. Ukisaga laini, maji yanabeba. Ukiacha chenga, jiwe linaficha. Hakuna usagaji utakaoufanya mwalo peke yake utoe dhahabu yote, na fundi wa mwalo asilaumiwe kwa hilo.

Zebaki ina hasara zake zaidi. Inashika dhahabu iliyo wazi na safi tu. Chembe iliyofunikwa na utando wa kutu ya chuma au mafuta ya mashine inapita salama. Na zebaki yenyewe ikichafuka, au ikisagwa pamoja na mawe ndani ya karasha, inapasuka kuwa vitone vidogo mno visivyotaka kuungana tena. Vitone hivyo huondoka na maji vikiwa tayari vimebeba dhahabu. Anayemwaga zebaki kwenye karasha ili apate zaidi anapoteza vyote viwili, na marudio yake yanageuka sumu.

Kisha kuna dhahabu iliyo ndani ya madini ya salfaidi (yenye salfa), hasa yale yanayong'aa kimanjano ambayo wengi huyadhania kuwa dhahabu. Juu ya ardhi, maji na hewa vimeshayaozesha madini hayo kwa miaka mingi na kuiachia dhahabu, ndiyo maana mashimo mafupi yenye mawe mekundu hutoa vizuri. Duara likishuka hadi kwenye mawe ya kijivu au ya bluu, dhahabu inayopatikana kwa zebaki inapungua ghafla, ingawa maabara inaonyesha dhahabu ipo. Wachimbaji wa Witwatersrand, Afrika Kusini, walikutana na jambo hilohilo mwishoni mwa miaka ya 1880. Kilichowaokoa ni njia iliyobuniwa Glasgow mwaka 1887 na John Stewart MacArthur pamoja na ndugu wawili, Robert na William Forrest, ya kuyeyusha dhahabu kwa maji yenye sayanaidi.

Sayanaidi haijali uzito. Inachohitaji ni kuigusa dhahabu, na hewa ya oksijeni iwepo ndani ya maji. Chembe ndogo zinazoushinda mwalo ndizo zinazoyeyuka upesi zaidi. Katika mazingira mazuri kabisa, chembe ya mikroni 45 humalizika kwa takribani saa 13, na ya mikroni 150 kwa saa 44. Punje kubwa ya milimita nzima ingehitaji siku 12 au zaidi, kwa hiyo sayanaidi peke yake nayo haitoshi. Dhahabu nene itolewe kwanza kwa mwalo au mashine ya kuzungusha inayotenganisha kwa uzito, kisha iliyobaki iende kwenye tangi.

Kinadharia, gramu 1 ya dhahabu inahitaji nusu gramu tu ya sayanaidi ya sodiamu. Tani ya marudio yenye gramu 6.5 za dhahabu ingetosheka na gramu 3 na kitu. Kiwandani hutumika mamia ya gramu kwa tani, na pengine kilo nzima au zaidi. Iliyobaki inaliwa na vitu vingine, na hapa ndipo viwanda vingi vidogo hupatia hasara.

Mlaji wa kwanza ni shaba. Gramu 1 ya shaba inayoyeyuka hula zaidi ya gramu 2 za sayanaidi. Marudio yenye asilimia 0.1 tu ya shaba ya aina hiyo yana kilo 1 ya shaba kwa tani, na hesabu ya faida inaishia hapo. Ukiona vidoa vya kijani au bluu kwenye mawe, pima shaba kabla ya kununua lori moja.

Mlaji wa pili ni tindikali. Marudio ya zamani yenye salfaidi, yakikaa juani na kwenye mvua kwa miaka, yanazalisha tindikali yenyewe. Sayanaidi ikikutana na tindikali inageuka hewa na kupotea, na hewa hiyo inaua. Inasemekana ina harufu ya lozi chungu, lakini watu wengi pua zao hazina uwezo wa kuinusa kabisa, kwa hiyo pua si kipimo. Chokaa inatangulia siku zote: marudio yachanganywe na chokaa, pH (kipimo cha ukali wa tindikali) ipimwe mpaka ifike 10.5 au 11, ndipo sayanaidi iingie. Kipimo hicho kirudiwe kila zamu, maana chokaa nayo huisha.

Udongo mfinyanzi una madhara ya namna nyingine. Kwenye tangi la kuchuja, ambamo maji ya sayanaidi hushuka yenyewe kupitia marudio kwa siku kadhaa hadi wiki, tope laini linaziba njia. Maji yanajitafutia mkondo mmoja pembeni mwa ukuta, na katikati ya tangi panabaki pakavu na dhahabu yake. Dalili yake ni maji kutoka haraka kuliko kawaida huku dhahabu ikishuka mapema mno. Mitambo inayokoroga tope ndani ya matangi pamoja na kaboni haina shida hiyo, na ndiyo iliyojengwa na STAMICO (Shirika la Madini la Taifa) katika vituo vya mfano vya Lwamgasa, Katente na Itumbi. Ni ghali zaidi na inataka umeme wa uhakika, lakini kwa marudio yenye mfinyanzi ndiyo njia inayofaa.

Baada ya hapo kazi inajulikana: dhahabu iliyoyeyuka inanaswa na kaboni iliyotengenezwa kwa vifuu vya nazi, kaboni inapelekwa elusheni, mtambo wa kuitoa dhahabu kwenye kaboni, ikaoshwe kwa maji ya moto yenye kastiki na sayanaidi, dhahabu inavutwa kwa umeme hadi kwenye stilwaya (nyuzi laini za chuma), kisha inayeyushwa kwa moto pamoja na boraksi, chumvi inayoondoa uchafu.

Kuna jambo moja linalofanyika sana na halipaswi kufanyika: kutia sayanaidi kwenye marudio ambayo bado yana zebaki. Sayanaidi huyeyusha zebaki pia. Zebaki iliyokuwa imetulia chini kama kitone inakuwa sehemu ya maji, inasafiri hadi mtoni, na ni rahisi zaidi kuingia kwa viumbe wa majini na samaki. Sehemu nyingine inapanda kwenye kaboni, inagombea nafasi na dhahabu, kisha inatoka kama mvuke siku ya kuyeyusha, usoni mwa fundi. Mkataba wa Minamata, wa kimataifa kuhusu zebaki, ulioanza kutumika mwaka 2017 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2020, unaitaja kazi hiyo waziwazi miongoni mwa zile zinazopaswa kukomeshwa, pamoja na kutia zebaki kwenye mawe yote badala ya makinikia (mchanga mzito uliokwisha kuchujwa) na kuchoma zebaki hadharani au kwenye makazi ya watu. Mwenye kutaka kuchenjua marudio ya namna hiyo anatakiwa aiondoe zebaki kwanza.

Mchimbaji afanyeje basi ili asiuze asichokijua? Apime marudio yake, na kupima kunaanza na sampuli. Sampuli mbovu hupotosha kuliko kutopima. Punje moja ya dhahabu yenye upana wa nusu milimita ina uzito wa miligramu 1.2 hivi. Ikiingia kwenye gramu 50 zinazochomwa maabara, jibu litasoma gramu 25 kwa tani, hata kama kilima kizima hakina kitu kingine. Isipoingia, jibu linaweza kusoma sifuri.

Kwa hiyo usichote juu ya kilima. Juu maji yameshaosha, na chini vitu vizito vimejikusanya. Chimba mashimo kadhaa yaliyopangwa kwa vipimo sawa, toka juu hadi kwenye ardhi asilia, na kila shimo litoe kiasi kilekile. Ukaushe mchanga wote, uuchanganye juu ya turubai, uurundike uwe kilima chenye ncha, ukibonyeze kiwe bapa, ukigawe mara nne. Tupa robo mbili zinazotazamana, changanya zilizobaki, rudia mpaka ubaki na kilo 4 au 5. Gawa mara mbili. Mfuko mmoja unakwenda maabara, ukiomba upimaji wa kuchoma usiopungua mara 3 kwa sampuli hiyo. Majibu yakipishana sana, una dhahabu nene ambayo bado inaweza kutoka kwa mwalo mzuri.

Kipimo cha pili ni cha chupa. Maabara huweka kilo 1 ya marudio kwenye chupa yenye maji, chokaa na sayanaidi, ikazungushwa kwa saa 24 hadi 48 huku wakipima dhahabu iliyoyeyuka na sayanaidi iliyoliwa. Wafanye mara mbili: marudio yalivyo, na marudio yaliyosagwa upya mpaka asilimia 80 ipite chini ya mikroni 75. Kama ya kwanza inatoa asilimia 55 na ya pili 88, dhahabu imefungiwa kwenye kwatzi, na kusaga tena kunalipa. Kama zote mbili zinagota chini ya asilimia 50, huenda dhahabu imo ndani ya salfaidi yenyewe, na kuongeza sayanaidi ni kutupa fedha.

Mfuko wa pili usiutoe. Uufunge, uandike tarehe na mahali ulipochukuliwa, uukalie mpaka bei ya marudio ikubaliwe na malipo yamalizike.