Je, wajua kwa nini baba wa uhafidhina alitokea ndani ya chama cha watetezi wa uhuru?

Tarehe 22 Machi 1775, mbunge mmoja mzaliwa wa Dublin alisimama katika Bunge la Uingereza kuwatetea walowezi wa Marekani waliokuwa wamekataa kodi walizotozwa kutoka London. Edmund Burke aliwaambia wabunge wenzake kwamba watu wale ni wazao wa Waingereza, wanaupenda uhuru kwa namna ileile ya Waingereza, na kwamba kuwatiisha kwa silaha kungeharibu kitu kilekile kinachopiganiwa. Mnamo Novemba 1790, mtu huyohuyo alichapisha kitabu kikali dhidi ya Mapinduzi ya Ufaransa, mapinduzi ambayo nusu ya rafiki zake waliyashangilia. Wengi walimwita msaliti. Vizazi vilivyofuata vilimpa jina la baba wa uhafidhina, yaani siasa ya kuhifadhi taasisi na desturi zilizorithiwa.

Je, Burke aligeuka? Kwa maoni yangu hakugeuka, na anayeelewa kwa nini hakugeuka ameelewa uhafidhina ulitoka wapi. Haukuanza kama adui wa uliberali, yaani siasa inayotanguliza uhuru na haki za kila mtu, aliyekuja kutoka nje. Ulianza kama ugomvi wa ndani, kati ya watu waliokubaliana kwamba uhuru ni kitu chema, wakakosana kuhusu chanzo chake.

Burke alikuwa mwanachama wa Whig, chama kilichojivunia kuidhibiti mamlaka ya mfalme. Mama yake alikuwa Mkatoliki wakati ambapo sheria ziliwabana Wakatoliki wa Ireland, wasiweze kuketi bungeni, na Burke alipigania sheria hizo zilegezwe hata pale msimamo huo ulipomgharimu kura. Alimshtaki Warren Hastings, aliyekuwa Gavana Mkuu wa Bengal, kwa kuwaonea watu wa India. Kesi hiyo ilianza mwaka 1788 ikaisha mwaka 1795 kwa Hastings kuachiwa huru. Huyu si mtu aliyependa ubabe wa wakubwa.

Ugomvi wenyewe ulihusu mwaka 1688. Mwaka huo Mfalme James II alikimbia, na kiti chake kikachukuliwa na binti yake Mary pamoja na mumewe, William wa Orange. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha Sheria ya Haki, iliyomzuia mfalme kutoza kodi au kuweka jeshi wakati wa amani bila idhini ya Bunge. Kila mwana-Whig aliyaheshimu mageuzi hayo, lakini maana yake ilisomwa kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya mwanafalsafa John Locke, ambaye mwishoni mwa 1689 alichapisha hoja zake kuhusu serikali. Locke alianza na binadamu mtupu, kabla ya nchi na kabla ya sheria. Huyo amezaliwa huru na sawa na wenzake, na ana haki za asili juu ya uhai wake, uhuru wake na mali yake. Serikali inazaliwa kwa ridhaa ya watu ili izilinde haki hizo, na ikivunja amana hiyo, wana haki ya kuiondoa. Hapa ndipo mizizi ya uliberali ilipo. Haki inatangulia serikali, na akili ya mtu yeyote, popote alipo, inaweza kuitambua bila kuuliza babu zake waliishije.

Tarehe 4 Novemba 1789, mchungaji Richard Price alihubiri London katika kumbukumbu ya 1688. Alisema mwaka ule uliwapa Waingereza haki ya kuwachagua watawala wao, kuwafukuza wakikosea, na kujiundia serikali. Kisha akawapongeza Wafaransa kwa kufanya hivyohivyo. Burke aliposoma mahubiri hayo alikasirika, na kitabu chake kinaanza na jibu kwa Price.

Jibu lake ni njia ya pili ya kuusoma mwaka 1688. Kwa Burke, wakuu wa 1688 hawakujiundia serikali mpya hata kidogo. Walirekebisha sehemu iliyoharibika na kuacha nyingine zote zilivyo, na ndiyo maana walihakikisha ufalme unabaki kwa binti wa mfalme yuleyule. Aliwakumbusha wasomaji kwamba tangu Magna Carta ya 1215, hati iliyomwekea mfalme mipaka, kupitia Ombi la Haki la 1628, hadi Sheria ya Haki, Waingereza walidai uhuru wao kama urithi. Hawakusema “tunastahili kwa sababu sisi ni binadamu.” Walisema “tunastahili kwa sababu ulikuwa wa wazee wetu, na ni lazima tuwaachie watoto wetu.”

Ukisoma haraka utadhani tofauti hiyo ni ndogo. Si ndogo. Kama uhuru unatokana na kanuni, basi kila taasisi inayopingana na kanuni hiyo ni batili na inaweza kubomolewa leo. Kama uhuru unatokana na taasisi zilizokua polepole, yaani mahakama, mabunge, desturi, dini na familia, basi anayezibomoa kwa jina la uhuru anakata kinachoushikilia. Ndiyo sababu Burke aliweza kuwatetea Wamarekani na kuwapinga Wafaransa bila kujipinga. Alivyoona yeye, walowezi walikuwa wanalinda desturi ya kale ya kutotozwa kodi bila kushirikishwa, na serikali ya London ndiyo iliyoleta jambo geni. Ufaransa ilikuwa inaanza upya kutoka karatasi tupu. Mabaki ya ukabaila yalifutwa kuanzia usiku wa 4 Agosti 1789, ardhi ya kanisa ikatwaliwa na taifa mwezi Novemba, pesa za karatasi zikachapishwa kwa dhamana ya ardhi hiyo, na mwaka 1790 majimbo ya kihistoria yakafutwa, nchi ikagawanywa upya katika wilaya 83.

Chini ya hoja hiyo kuna hoja ya kina zaidi, na kwangu hiyo ndiyo yenye nguvu kuliko zote alizotoa. Burke alisema akili ya mtu mmoja ni haba, na ni heri watu wategemee akiba ya akili iliyokusanywa na vizazi vingi. Desturi inaweza kubeba hekima ambayo hakuna mtu aliye hai anayeweza kuieleza. Jamii ni ubia, alisema, lakini si kati ya walio hai peke yao. Wamo waliokufa, na wamo watakaozaliwa. Msemo wa Kiswahili, “usiache mbachao kwa msala upitao”, unagusa sehemu ya wazo hilo, ingawa Burke hakuishia kwenye tahadhari tu. Aliandika pia kwamba dola isiyo na njia ya kubadilika haina njia ya kujihifadhi. Kwake mageuzi yalikuwa dawa ya lazima. Alichokikataa ni kumuua mgonjwa ili aumbwe upya.

Wazo la kuishuku akili halikuanza naye. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alikwisha kuonya kwamba sheria haina nguvu ya kutiiwa isipokuwa mazoea, na mazoea huja kwa muda mrefu, kwa hiyo kubadili sheria kwa wepesi kunaidhoofisha sheria yenyewe. Aliyemtangulia Burke kwa karibu zaidi ni mwanafalsafa David Hume wa Scotland, aliyefariki mwaka 1776. Katika insha ya 1748, Hume aliikabili nadharia ya mkataba wa kijamii, ile inayosema serikali huzaliwa kwa ridhaa ya watu, kwa kuuliza ni serikali gani iliwahi kuanzishwa kwa makubaliano. Karibu zote zilianza kwa ushindi wa vita au unyakuzi. Na kusema kwamba mtu amekubali kutawaliwa kwa kuwa anaendelea kuishi nchini, aliandika, ni kama kusema mtu aliyepakiwa melini akiwa usingizini amekubali kutawaliwa na nahodha, ilhali njia pekee ya kuondoka ni kujitupa baharini. Tunatii kwa mazoea, na kwa kuwa bila utii jamii haisimami.

Hume hakuwa mtu wa dini. Alikuwa mwenye shaka aliyewatia hofu viongozi wa kanisa. Jambo hili husahauliwa sana. Mzizi mmoja mkubwa wa uhafidhina umetoka ndani ya Zama za Mwangaza zenyewe, kipindi cha karne ya 18 kilichoitukuza akili, katika kuihoji akili kwa kutumia akili. Ni udongo uleule uliootesha uliberali wa mwanauchumi Adam Smith, rafiki mkubwa wa Hume, ambaye Burke naye alimheshimu.

Mzizi mwingine ni tofauti kabisa. Joseph de Maistre, mzaliwa wa Savoy, aliyaona Mapinduzi kama adhabu ya Mungu. Aliandika kwamba amewaona Wafaransa, Waitaliano na Warusi, lakini “binadamu” anayetajwa katika katiba za Mapinduzi hajawahi kukutana naye. Kwake utaratibu unatoka kwa Mungu, kupitia kiti cha enzi na kanisa, na hoja ya haki za kila mtu ni kosa tangu mwanzo. Burke aligombana na uliberali kama ndugu. De Maistre aliukataa wote. Kuwaweka wawili hawa katika kapu moja kumeleta mkanganyiko mwingi.

Wapinzani wa Burke hawakukawia. Mwandishi Mary Wollstonecraft alimjibu mwezi uleule wa Novemba 1790. Mwandishi mwenzake Thomas Paine alifuata mwaka 1791, akisema kila kizazi lazima kiwe huru kujiamulia mambo yake, na kwamba kuwatawala walio hai kutoka kaburini ni udhalimu. Lakini hoja iliyochoma zaidi ni ya Wollstonecraft. Alisema hoja za Burke, zikifuatwa hadi mwisho wake, zinaujengea utumwa msingi wa milele, kwa sababu utumwa nao ni desturi ya kale, na watumwa nao ni mali ya kurithi.

Sioni njia ya kulikwepa jambo hilo. Burke mwenyewe aliuchukia utumwa, na karibu mwaka 1780 aliandika mpango wa kuupunguza taratibu hadi uishe. Lakini neno “taratibu” lina gharama inayolipwa na mtu mwingine. Mwaka 1792 Bunge la Uingereza liliamua kwamba biashara ya watumwa ikomeshwe hatua kwa hatua. Haikukomeshwa hadi sheria ya 1807, na kila mwaka kati ya hapo meli za Kiingereza ziliendelea kuvusha Waafrika wakiwa minyororoni. Kwa mtu wa pale chini ya sitaha, hoja ya Locke kwamba amezaliwa huru ilikuwa na thamani kuliko hekima yote ya vizazi.

Kwa upande mwingine, historia ilimpa Burke uzito kuhusu Ufaransa. Alitabiri, mfalme akiwa bado hai, kwamba vurugu zitaishia mikononi mwa jemadari atakayependwa na jeshi. Louis XVI alikatwa kichwa tarehe 21 Januari 1793, na mnamo Novemba 1799 Napoleon akatwaa madaraka.

Majina tunayotumia leo yalikuja baadaye. Wanasiasa wa Hispania waliopigania katiba ya Cádiz ya 1812 walijiita waliberali. Huko Ufaransa, mwandishi Chateaubriand alianzisha jarida lenye jina la mhafidhina mwaka 1818, na Uingereza jina hilo lilishika katika miaka ya 1830.

Vyama vilivyobeba majina hayo vilibadilishana nafasi mara nyingi. Katika karne ya 19 soko huria lilikuwa bendera ya waliberali, na Waziri Mkuu Robert Peel alipofuta Sheria za Nafaka, zilizotoza ushuru nafaka za kigeni, mwaka 1846 ili chakula kiingie nchini kwa bei nafuu, chama chake cha Kihafidhina kilipasuka vipande viwili. Ni mhafidhina Disraeli aliyepanua haki ya kupiga kura kwa wafanyakazi wengi wa mijini mwaka 1867. Huko Ujerumani ni Kansela Bismarck, adui wa wasoshalisti, aliyeanzisha bima ya ugonjwa mwaka 1883, ya ajali mwaka 1884 na ya uzeeni mwaka 1889. Anayepima uhafidhina kwa msimamo wa kodi au soko atapotea njia.

Kipimo bora ni kuuliza nani anadaiwa hoja. Mliberali kama mwanafalsafa John Stuart Mill, aliyeandika mwaka 1859, anasema anayetaka kuuzuia uhuru wa mtu ndiye anayepaswa kueleza sababu. Mhafidhina anasema anayetaka kubadilisha kilichopo ndiye anayepaswa kueleza. Kuna mambo mengi ambapo madai haya mawili yanaelekea upande mmoja, na ndiyo maana wawili hao wamekuwa washirika mara nyingi. Friedrich Hayek, mtetezi mkubwa wa soko huria, alikataa mwaka 1960 kuitwa mhafidhina, akachagua kuitwa Whig wa zamani. Burke naye mwaka 1791, alipokosana na chama chake, alidai kwamba yeye yuko pamoja na Whig wa zamani dhidi ya wapya.

Marekani inaonyesha uhusiano huo kwa uwazi zaidi. Urithi wake wa kisiasa ni tangazo la uhuru la 1776, lenye maneno ya haki za asili, na katiba iliyoandikwa mwaka 1787. Mhafidhina wa huko anayetaka kuhifadhi alichoachiwa na waasisi anajikuta anahifadhi uliberali. Wapo wanaoridhika na hilo. Wapo pia, hasa katika miaka ya karibuni, wanaosema kwamba uliberali wenyewe ndio unaozila familia, dini na jumuiya ambazo mhafidhina alikusudia kuzilinda, na hao wanarudi karibu na de Maistre kuliko Burke. Ugomvi wao unahusu swali ambalo Burke hakulazimika kulijibu: ufanye nini pale urithi wako wenyewe unapokuwa mapinduzi?