Kabla hujanunua kiwanja ziwani, nenda wakati wa mbalamwezi

Ikifika Juni, watumishi wa umma wakianza kuhesabu siku za kustaafu, simu yangu haitulii: wanataka mji wa ziwani wa kuhamia wakavue. Nilikuwa bwana samaki kwa miaka 23. Nilianzia Nyegezi, nikapelekwa Kigoma, kisha Nyasa, nikamalizia mkoani Mara, kwa hiyo wenzangu wanaamini natembea na mji mfukoni. Mwaka jana alinipigia mwalimu mmoja wa Dodoma ambaye zamani tuliwahi kupanga nyumba moja.

"Kaka, kila likizo navua bwawa la Mtera. Sasa nataka kuhamia kwenye ziwa lenyewe. Wewe nitajie mji tu, kiwanja nitatafuta mwenyewe."

Sikumtajia. Nilimwambia aangalie kalenda, atafute mwezi mpevu unaofuata, apande basi aende huko anakokuwaza, na alfajiri awe amesimama mwaloni, pale mitumbwi inapoegesha.

Sababu ni dagaa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na sola. Giza likiwa nene, taa inawavuta na wavu unajaa. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina kazi, dagaa wanatawanyika, na mitumbwi inapandishwa nchi kavu wiki nzima au zaidi. Ukienda wakati wa giza, kila mji wa ziwani utauona ni mji wa neema: dagaa wameanikwa hadi kwenye njia, bodaboda zinapishana, mama lishe hawana nafasi ya kukaa. Nenda wakati wa mbalamwezi uone kilichobaki. Je, sato bado yupo sokoni? Fundi wa injini yupo kibandani kwake, au naye ameondoka na wavuvi kwenda kambi nyingine? Duka la nyavu limefunguliwa? Mji unaoishi kwa dagaa peke yake hukauka kila mwezi, na wewe mwenye ndoano yako moja utakauka nao, hata kama sato na sangara unaowatafuta hawana habari na mwezi. Chambo utanunua kwa nani? Mtumbwi utakodi kwa nani?

Baada ya hapo ndipo tunazungumza maziwa.

Sitaficha, moyo wangu ulibaki Kigoma. Maji ya Ziwa Tanganyika ni maangavu, ukiwa juu ya mtumbwi unahesabu mawe yaliyo chini. Ziwa lina kina kinachofika mita 1,470, na sehemu nyingi ukisogea kidogo tu kutoka kwenye mwamba, mshipi unashuka bila kugusa kitu. Wageni wanadhani kina kirefu maana yake samaki wengi huko chini. Hapana. Oksijeni iko kwenye tabaka la juu. Ukipita mita 200 hivi hakuna samaki anayeweza kuishi. Kwa hiyo risasi nzito ya kuzamisha ndoano na mshipi wa mita mia tatu ni mzigo wa bure. Migebuka wako juu wakifukuza dagaa, na kuhe, ambaye ni miongoni mwa wakubwa kabisa katika ukoo wa sato, utamtafuta karibu na miamba. Kuhe akishika ndoano hutasahau.

Lakini Kigoma ina mambo yake. Mwaka 2024 uvuvi wa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wazaliane. Mimi kama mtu wa fani naunga mkono bila kusita. Mstaafu aliyehamia kwa ajili ya kuvua, hata hivyo, ana miezi mitatu ya kuangalia maji. Uliza ratiba ya mwaka unaotaka kuhamia kabla hujafunga mizigo, na ujiulize kama miezi hiyo utalima bustani au utagombana na mkeo.

Halafu kuna ziwa lenyewe, ambalo halikai pale ulipoliacha. Nilinunua kiwanja kusini mwa mji nikiwa bado kazini, mimi mtaalamu, mwenye vyeti vyote. Muuzaji alinionyesha mwembe akasema maji hayajawahi kuufikia tangu babu yake. Nikapima kwa hatua kutoka ukingoni hadi kwenye mwembe, nikaridhika, nikalipa. Miaka michache baadaye ziwa likapanda. Nilipokwenda kukagua, mwembe ulikuwa umesimama ndani ya maji, umefungwa kamba ya mtumbwi wa mtu. Ziwa halikuwa na kosa. Kosa ni langu, maana sheria niliyokuwa nikiwasomea wananchi kwenye mikutano nilikuwa naijua: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Watu wanaiona kama usumbufu wa serikali. Mimi sasa nahesabu mita 60, halafu naongeza nyingine kwa heshima ya ule mwembe. Hata Victoria ilipanda hivyo hivyo mwaka 2020 ikaingia kwenye nyumba za watu, kwa hiyo usidhani ni Tanganyika tu.

Ziwa Nyasa nitalipita haraka, kwa sababu nilikaa muda mfupi. Mbamba Bay ni pazuri, utulivu wake ni wa kweli, na tangu lami ya kutoka Mbinga ifike si kisiwa tena. Utakula usipa, dagaa wa huko, hadi uchoke, na msimu wa mvua samaki aitwaye mbasa hupanda mitoni kutaga. Ila kama una presha au kisukari, piga hesabu ya umbali wa hospitali kubwa kabla ya hesabu ya samaki. Nawaambia wastaafu hivyo, wananichukia kidogo.

Kwa Victoria, swali si ziwa bali upande gani wa ziwa. Nalieleza hili kwa sababu matangazo ya viwanja hayalisemi. Usiku upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na mchana hugeuka, unatoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku pepo za pande zote zinakutana katikati ya ziwa, mawingu yanajengeka, radi zinaanza, na dhoruba hiyo mara nyingi inasukumwa magharibi. Ndiyo maana Bukoba hunyeshewa asubuhi, na kwa mwaka hupata mvua ya milimita 2,000 hivi. Mji mzuri, ndizi hazina mpinzani, senene wakianguka utasahau samaki. Lakini anayependa kuvua alfajiri ajue kwamba alfajiri ya Bukoba ni ya mvua, na mbele yake ni ziwa wazi, mawimbi hayana kitu cha kuyavunja.

Mwanza kuna kila kitu: Bugando kwa afya, uwanja wa ndege, soko la Mwaloni Kirumba ambako dagaa wakavu wanaondoka kwenda nchi jirani. Kwa mwenye ndoano, ndani ya ghuba maji yamechafuka na gugumaji likisukumwa na upepo linaweza kufunga ukingo usiku mmoja. Jana uliegesha mtumbwi kwenye maji, leo uko kwenye majani. Anayetaka Mwanza bila bughudha ya Mwanza aangalie Sengerema. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, takribani kilomita 3 juu ya maji, na kivuko kilichokuwa kinakula muda wa watu hakina tena sauti katika safari yako. Bei za viwanja zitafuata daraja, kama hazijafuata bado.

Mimi nilichagua Musoma, na sababu yangu ni ya kivivu. Mji umejichomeka ziwani kama ulimi, una maji pande mbili. Alasiri upepo wa magharibi ukichafua upande wa ziwa kuu, nachukua baiskeli, navuka mji, naenda upande wa ghuba ya Mara ambako maji yametulia. Sihitaji injini. Natumia mshipi wa mkono na furu wadogo kama chambo. Sangara akiwa chini ya sentimita 50 namrudisha, sheria ndivyo inavyosema, na jirani zangu wananicheka kwamba bwana samaki hajastaafu. Sato wa hapa napenda kumla siku hiyo hiyo, wa kuchemsha na ndimu, asikaangwe.

Mambo mawili madogo ambayo watu huyaruka. Leseni: hata kama unavua kwa starehe, pita halmashauri uulize leseni yako ni ipi, na ujitambulishe kwa BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi kwenye mwalo wako. Wao ndio wanaojua nani kaibiwa injini na nani anavua usiku kwa kokoro, wavu haramu wa kukokota, na mgeni asiyejitambulisha ndiye anayeshukiwa kwanza. La pili ni kichocho. Minyoo yake hutoka kwa konokono wa maji ya ukingoni yaliyotulia yenye majani, hasa jua likiwa kali. Usisimame humo peku ukisubiri samaki. Vua ukiwa juu ya jiwe au ndani ya mtumbwi, na upime mara moja kwa mwaka, dawa ipo.

Mwalimu alikuja Musoma kweli, mwezi ukiwa mpevu kama nilivyomwagiza, akakaa siku tano. Siku mbili upepo ulikataa kabisa hata upande wa ghuba. Siku ya tatu tulitoka, nikapata sato wawili, yeye akapata mamba wa plastiki, mdoli wa mtoto, umeng'ang'ania ndoano kama samaki mkubwa. Siku ya nne akashinda kwenye kibanda cha fundi wa injini wakibishana mpira. Jioni ya mwisho, tukiwa tunakunja mishipi, nilitegemea aniulize bei ya viwanja. Akaniuliza chumba cha kupanga kwa miezi sita ni shilingi ngapi.