PCOS na mishipa ya damu ya ovari: maswali na majibu

Nimepigwa ultrasaundi nikaambiwa ovari zangu zina uvimbe mwingi mdogomdogo. Nifanyiwe upasuaji?

Hapana dada, usikimbilie kisu. Vile viduara vyeusi ulivyoonyeshwa, vimejipanga pembeni mwa ovari kama shanga kwenye uzi, ni vifuko vya mayai vilivyoanza kukua vikakwama njiani. Vingi havifiki hata milimita 10. Stein na Leventhal, madaktari wa Chicago, waliieleza mwaka 1935 hali hii, ambayo leo huitwa PCOS (homoni zinavurugika na mara nyingi yai halitoki), na neno "uvimbe" limeng'ang'ania mpaka leo, likiwatia watu hofu ya bure.

Tena picha peke yake haitoshi kusema una PCOS. Kwa mtu mzima daktari hutafuta mambo mawili kati ya matatu: hedhi isiyo na mpangilio, dalili za homoni za kiume kuzidi (ndevu, chunusi sugu, au kipimo cha damu), na ovari zenye vifuko vingi. Kabla ya hapo apime tezi ya shingo na prolaktini (homoni ya maziwa), maana nazo huvuruga siku.

Mishipa ya damu inahusikaje?

Hapa ndipo penye utamu. Mwilini mwa mtu mzima mishipa mipya haioti ovyo. Huota kidonda kinapopona, na kwa mwanamke huota kila mwezi, kwenye ovari na kwenye mji wa mimba.

Kifuko kichanga hakina mshipa wake, kinategemea mishipa ya jirani. Kikikua, ganda lake la nje huota mishipa, lakini ndani, lilipo yai, hakuingii hata mmoja. Siku yai likitoka, mishipa huvamia ndani na kifuko kitupu hugeuka tezi ya manjano iliyojaa damu. Tezi hiyo huishi takriban siku 14 ikimwaga projesteroni, homoni inayoutuliza ukuta wa mji wa mimba. Mojawapo ya protini zinazoita mishipa hiyo ni VEGF.

Kwenye PCOS yai mara nyingi halitoki. Kwa hiyo tezi ya manjano haiundwi, projesteroni haipatikani, na ukuta wa kizazi unaendelea kunenepa. Ndiyo maana mtu hukaa miezi mitatu bila kuona siku zake, kisha zikaja kama bomba limepasuka. Wakati huohuo, wanawake wengi wenye PCOS hukutwa na VEGF nyingi, na damu nyingi ikipita katikati ya ovari, kwenye nyama inayotengeneza homoni za kiume. Insulini ikiwa juu huzidi kuichochea nyama hiyo.

Nataka mtoto. Hilo la mishipa linanihusu?

Sana, hasa ukienda kupandikizwa mimba. Sindano za kukuza mayai huamsha vifuko vyote vile kwa mpigo, VEGF inapanda, mishipa inaanza kuvuja na maji yanajaa tumboni. Mwambie daktari mapema kwamba una PCOS: atapunguza dozi, pengine atagandisha viinitete na kusubiri, au atakupa kabagolini, dawa ya kupunguza uvujaji huo. Baada ya sindano, ukiona tumbo linajaa haraka, unatapika, mkojo umepungua au pumzi inabana, nenda hospitali usiku huohuo.

Wengi lakini hawafiki huko. Huanza na letrozoli, vidonge vya siku tano vya kusaidia yai litoke. Ikishindikana, ipo njia ya kutoboa ovari vitundu kwa kamera, ambayo hupunguza homoni za kiume, ila inaweza kuacha makovu.

Na dawa za kusafisha kizazi zinazouzwa WhatsApp?

Zinasafisha pochi. Kizazi chako si kichafu, kimekosa projesteroni. Kama hutafuti mimba, daktari anaweza kukupa vidonge vya projesteroni au vya uzazi wa mpango ili ukuta ule usiendelee kunenepa, kwa sababu ukiachwa miaka na miaka unaweza kuzaa saratani. Zikipita siku 90 bila hedhi na huna mimba, usingoje nyingine 90.