Je, wajua kwa nini Ruaha Mkuu hukauka ilhali Usangu maji yapo?

Tangu mwaka 1993, Mto Ruaha Mkuu hukatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, viboko wakabaki wakibanana kwenye madimbwi ya matope. Ukipanda hadi Usangu, wilayani Mbarali, msimu huohuo, utakuta mifereji inatiririka na Ihefu, ile ardhioevu kubwa, bado ina maji. Inakuwaje?

Sababu ya kwanza ni mwamba. Mito inayoshuka kutoka milima ya Uporoto na Kipengere, kama Mbarali, Kimani na Chimala, hutanda Ihefu, kisha maji hutokea mahali pamoja tu, Ng'iriama, penye kizingiti cha mawe. Yakishuka chini ya kizingiti hicho, hata kwa kiasi kidogo, mto wa hifadhini umekwisha. Na Ihefu yenyewe hunywa, kwani jua na majani hufyonza maji mchana kutwa. Watafiti walikadiria kuwa ili nusu mita ya ujazo kwa sekunde itoke Ng'iriama wakati wa kiangazi, lazima takriban mita 7 za ujazo ziingie Ihefu kutoka juu.

Nani basi anayezuia hizo 7? Wengi hunyooshea kidole mpunga, lakini mpunga wa Usangu kwa sehemu kubwa ni zao la masika, maji yakiwa tele. Wafugaji nao waliondolewa kwa nguvu mwaka 2006 na 2007, na eneo la Ihefu likaunganishwa na hifadhi mwaka 2008. Mto uliendelea kukauka. Kiangazi, mabanio, yaani vizuizi vya mtoni vinavyogeuzia maji kwenye mifereji, huachwa wazi kwa ajili ya bustani, vitalu vya mapema, mifugo, matofali na maji ya nyumbani. Maji mengine huishia kwenye majaruba (vipande vya shamba la mpunga) matupu, hayamfai mtu.

Kilichonishangaza zaidi ni habari ya mabanio yenyewe. Ya zamani yalijengwa kwa miti, mawe na nyasi, yakivuja kila upande, na uvujaji huo ndio uliomfikia jirani wa chini. Yalipokuja ya zege, yakiitwa maboresho, mtu wa juu akapata uwezo wa kuchukua karibu mto wote maji yakipungua. Kibali cha maji nacho hutaja kiasi maalumu cha lita kwa sekunde. Mto ukiwa na maji pungufu ya lita hizo, kibali kinamruhusu mtu mmoja kuumaliza.

Ndiyo maana sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 haikuiachia Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, inayosimamia pia Ruaha Mkuu, kazi yote. Inatambua pia jumuiya za watumia maji, watu wa mto mmoja wanaokaa kupanga zamu na kusuluhishana. Bodi haiwezi kukesha kwenye kila banio, jirani anaweza.

Kukaa kikao si sawa na kuelewana, hata hivyo. Mtafiti Bruce Lankford wa Chuo Kikuu cha East Anglia, Uingereza, alibuni mchezo wa gololi uliochezwa na wakulima wa Usangu, wakiwemo wa kijito cha Mkoji. Ubao mkubwa uliochongwa mfereji huinamishwa, gololi zikamiminwa juu kama maji, na kila mchezaji akaweka vijiti vyake kama banio. Wa juu hujaza mashimo yake, wa chini hutazama ubao mtupu. Wakibadilishana nafasi, mjadala hugeuka, nao huanza kuzungumzia zamu halisi za mto wao.

Ugumu unaobaki ni wa kinyumbani. Kwa vijiji vingi mfereji ndio bomba la kunywa na kufulia, kwa hiyo banio halifungiki kiangazi kabla kisima hakijachimbwa. Kwa maoni yangu, fedha zingeanzia hapo kabla ya kumwaga zege jingine.