Moyo Ukisimama, Kandamiza Kifua Kabla ya Kutafuta Gari

Mtu akianguka ghafla sokoni, kanisani au kazini, wengi wetu hapa Uganda hukimbilia kutafuta usafiri. Mgonjwa hushikwa mikono na miguu, akasukumwa ndani ya teksi au kubanwa kati ya dereva na ndugu yake juu ya bodaboda. Nia ni njema. Lakini kama moyo umesimama, safari hiyo ndiyo inayommaliza, kwa sababu ubongo usiopata damu huanza kuharibika baada ya dakika 4 hadi 6. Kwenye foleni ya jioni ya Kampala, dakika 6 ni za kusogea hatua chache tu.

Mwite kwa sauti na umtikise mabega. Asipoitika, tazama kifua kwa muda usiozidi sekunde 10. Kama hapumui, anza kazi. Anza pia kama anatweta kwa vipindi vya mbali, mdomo ukifunguka kama wa samaki aliyetolewa majini. Mtweto huo umewaponza wengi: watu husema "bado anapumua" na kusubiri, kumbe moyo ulishasimama. Wengine hutikisika kidogo mara tu wanapoanguka, watu wakadhani ni kifafa. Usihangaike kutafuta mapigo mkononi; hata wahudumu wa afya hukosea hapo.

Mwingine apige 999 au 112. Bodaboda nayo ina kazi, ila si ya kumbeba mgonjwa: itumwe kituo cha afya kilicho karibu ikalete mhudumu na vifaa.

Mlaze chali sakafuni au ardhini. Juu ya godoro, nguvu zako huishia kwenye godoro. Piga magoti ubavuni mwake, weka kitako cha kiganja kwenye nusu ya chini ya mfupa wa katikati ya kifua, kiganja cha pili juu yake. Nyoosha viwiko, mabega yawe juu kabisa ya mikono, ukandamize kwa uzito wa mwili. Kifua cha mtu mzima kishuke sentimita 5, kisizidi 6, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kila baada ya kukandamiza, kiache kifua kirudi juu kabisa bila kukiegemea. Hilo ndilo linalosahaulika zaidi mtu akichoka, na lina madhara makubwa: kifua kinapopanda ndipo moyo unapojaa damu ya kusukumwa mara inayofuata.

Mbavu zinaweza kulia au kuvunjika. Endelea, ubavu utaunga. Mbadilishane kila dakika 2, maana baada ya hapo mikono hulegea bila mwenyewe kujua. Msikatize zaidi ya sekunde 10, kwa sababu msukumo unaopeleka damu kwenye moyo wenyewe hujengeka polepole na huporomoka mara mnapoacha.

Kama umefundishwa kupuliza pumzi, kandamiza mara 30, kisha inua kidevu, bana pua na upulize mara 2, kila pumzi kwa sekunde 1, kiasi cha kuona kifua kikiinuka. Ukipuliza kwa nguvu, hewa huingia tumboni na mgonjwa hutapika. Kama hujafundishwa, kandamiza tu mfululizo.

Aliyezama ziwani ni tofauti, na wanaofanya kazi kwenye mialo ya Ziwa Victoria walijue hili. Yeye ameishiwa hewa kwanza, kwa hiyo anza na pumzi 2 hadi 5, ndipo ukandamize. Usimning'inize kichwa chini wala kumminya tumbo kutoa maji: unapoteza muda, na matapishi huingia mapafuni. Watoto nao mara nyingi huanza kwa kukosa hewa, hivyo pumzi zina uzito mkubwa kwao. Kifua chao kishuke theluthi moja ya kina chake. Kwa kichanga tumia vidole gumba viwili. Mjamzito ambaye mimba imefika usawa wa kitovu au kupita, mwenzako alisukume tumbo upande wa kushoto wa mama, lisibane mishipa inayorudisha damu moyoni.

Watu watapiga kelele, "Mpelekeni, mpelekeni!" Bakini hapohapo, isipokuwa kuna moto, magari au waya wa umeme. Aliyepigwa na umeme asiguswe kabla umeme haujakatwa. Ikiletwa mashine ya kushtua moyo, iwasheni mara moja na kufuata maelekezo yake, mkikandamiza hadi iseme msimguse. Ikibidi kabisa kusafiri, tafuteni pikapu au gari ambamo atalala chali, na mkono usitoke kifuani, ingawa mkandamizo ndani ya gari linalokwenda huwa dhaifu.

Akianza kupumua vizuri au kujisogeza, mlaze ubavu, kidevu kikiwa kimeinuliwa, na mmoja abaki akimtazama kifua hadi mhudumu afike. Moyo ulioamka unaweza kusimama tena. Ukisimama, mrudishe chali na uanze upya.