Mbona daftari la mtoto halina kitu? Oktoba katika darasa letu la Montessori, Moshi

Mwisho wa mwezi ukifika, mzazi hufungua begi la mtoto akitafuta daftari. Analikuta jeupe, au halikuti kabisa, na kesho yake asubuhi ananisubiri getini. "Mwalimu, za asubuhi? Naomba kuuliza, huyu mtoto mwezi mzima amefanya nini? Wa jirani ameshajaza daftari la a, e, i, o, u."

Swali hilo ni la haki kabisa. Ada ni pesa ya jasho, na mzazi anataka kuona kilichonunuliwa. Nimeona nilijibu kwa urefu, kwa kueleza Oktoba yetu ilivyokwenda na sababu ya kila kazi, maana tunachokifanya na hawa wa miaka mitatu hadi sita ni kuuandaa mkono, sikio na jicho kabla ya kalamu. Kazi ya namna hiyo haibaki kwenye karatasi. Inabaki kwa mtoto.

Kwanza saa zetu. Tukianza saa mbili asubuhi hakuna kengele hadi saa tano. Mtoto haingii darasani akakimbilia kazi ngumu. Huanza na ile aliyoizoea, anaimaliza, anairudisha kwenye rafu, anachukua nyingine. Kuna wakati, mara nyingi karibu na saa tatu na nusu, darasa zima hupata msukosuko: wanazunguka, wanaongea, hakuna anayetulia. Mgeni akiingia dakika hiyo atasema mwalimu ameshindwa. Mwalimu anayejua husubiri. Baada ya muda mfupi kila mmoja anachagua kitu, na hapo ndipo kazi nzito ya asubuhi huanza. Ukigonga kengele ya uji katikati ya msukosuko huo, umeikata asubuhi pale pale ilipotaka kuzaa matunda. Kwa hiyo uji wetu una meza yake yenye viti vinne. Mwenye njaa akiona kiti kitupu anakwenda, anajimiminia, anakunywa, anaosha kikombe na kumpisha mwenzake.

Wiki ya kwanza ya mwezi, kwa wadogo, ilikuwa ya kumimina na kuhamisha. Sinia moja, majagi mawili madogo, na maharage ndani ya jagi moja. Tunaanza na maharage kwa sababu punje ni kubwa: ikianguka inasikika, na inaokoteka. Akishayaweza anapewa mchele, na mwisho maji. Vyombo ni vya kioo na vya udongo, vya kuvunjika kweli. Wazazi wengine hushtuka. Lakini kikombe cha plastiki hakimfundishi mtoto chochote kuhusu nguvu ya mkono wake, kwani ukikitupa kinadunda tu. Cha kioo kinamtaka awe makini, na mtoto wa miaka mitatu akiaminiwa kioo hukishika kwa uangalifu ambao watu wazima wengi hawautarajii.

Tunapoonyesha kumimina maji hatusemi neno. Mwalimu anainua jagi taratibu, anamimina, kisha anangoja lile tone la mwisho linalong'ang'ania mdomoni na kuligusisha kwenye ukingo wa chombo kabla ya kurudisha jagi chini. Mtoto hulishika tone hilo kuliko kitu kingine chochote. Mwezi huu kulikuwa na binti wa miaka mitatu na nusu aliyerudia kumimina asubuhi nzima, na kila mara aliinamisha kichwa hadi jicho lake likawa sawa na mdomo wa jagi, akingoja tone. Maji yakimwagika kwenye sinia, sifongo ipo pembeni. Hakuna wa kumwambia amekosea, sinia lenye maji limeshamwambia.

Sasa utauliza, haya na kuandika yanahusiana vipi? Angalia kiwiko na kifundo cha mkono anapomimina. Anavizungusha kidogo kidogo na kuvizuia anapotaka. Akikamua kitambaa alichofulia leso, mikono miwili inasokota kwa kupishana. Akihamisha maharage kwa kijiko, anatoka bakuli la kushoto kwenda la kulia, na jicho linazoea njia ile ile litakayoipita kwenye mstari wa maandishi. Mtoto aliyeshindwa kutuliza jagi hawezi kutuliza penseli. Atairarua karatasi, atabonyeza hadi ncha ivunjike, na mwisho atachukia shule.

Kazi iliyopendwa kuliko zote Oktoba hii ilikuwa kuchambua nafaka. Tulinunua soko la Mbuyuni maharage ya njano, maharage mekundu, choroko, kunde na mbaazi, tukavichanganya kwenye bakuli moja. Mtoto anachukua punje moja moja kwa kidole gumba, cha shahada na cha kati, anaweka kila aina kwenye kibakuli chake. Mama mmoja aliniambia kwa uwazi kwamba hakuleta mtoto shule afundishwe kuchagua maharage, kazi hiyo nyumbani ipo. Namwelewa. Ila vidole hivyo vitatu ndivyo vitakavyoshika penseli, na choroko ni ndogo kiasi kwamba kiganja kizima hakiwezi kuiokota. Choroko inavilazimisha vidole vitatu vifanye kazi peke yake.

Ndiyo maana silinda zetu zina vishikio vidogo. Ni vipande vinne vya mbao, kila kimoja na matundu kumi na silinda kumi zake. Mtoto anazitoa zote kwa kushika kile kishikio, anazichanganya, kisha anatafuta kila moja tundu lake. Ikiingia nyembamba kwenye tundu pana, mwishoni inabaki nene isiyo na pa kwenda, naye analazimika kurudi nyuma kuitafuta iliyokaa pasipo pake. Anafikiri, jicho linapima, na vidole vinapata mazoezi bila yeye kujua.

Mnara wa pinki wengi mmeuona kwenye picha. Una vipande kumi vya mraba pande zote, kidogo kabisa kina sentimita moja na kikubwa sentimita kumi. Unabebwa kipande kimoja kimoja kutoka rafuni hadi kwenye mkeka, kwa hiyo kuujenga ni safari kumi, na safari kumi nyingine kuurudisha. Kile kikubwa kina ujazo mara elfu moja ya kile kidogo. Neno hilo hatumwambii mtoto, atakutana nalo kwenye hesabu miaka kadhaa mbele, lakini mikono yake imeshaubeba. Niseme hapa kwa wanaochongesha zana kwa mafundi wetu wa seremala: chagueni mbao iliyokauka vizuri na msisitize vipimo. Kipande cha sentimita saba kikipungua kidogo na cha sita kikizidi kidogo, tofauti inapotea, na zana yote inageuka kuwa pambo.

Tukija kwenye lugha, hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Maria Montessori, aliyeanzisha njia hii ya kufundisha, alikuwa daktari. Nyumba yake ya kwanza ya watoto ilifunguliwa tarehe 6 Januari 1907 mtaa wa San Lorenzo, Roma, kwa watoto wa wafanyakazi maskini. Watoto wale wa miaka minne na mitano walianza kuandika kabla ya kusoma, kwa Kiitaliano, lugha ambayo tahajia yake iko karibu sana na matamshi. Kiswahili nacho ni hivyo hivyo. Vokali tano, kila moja na sauti yake isiyobadilika, na silabi zinazoishia na vokali karibu zote. Mtoto wa Moshi anayefundishwa sauti za Kiswahili ana njia fupi sana ya kufika kwenye maandishi. Inaniuma ninapoona shule inamkimbiza kwenye Kiingereza akiwa na miaka mitatu, aanze na lugha ambayo herufi moja ina sauti nyingi, huku njia hii nyepesi ikiachwa.

Tunatumia herufi za msasa. Tunazitengeneza wenyewe: msasa laini wa duka la vifaa vya ujenzi, herufi inachorwa nyuma ya karatasi ikiwa imegeuzwa, inakatwa, inagundishwa kwenye kibao laini. Mtoto anapitisha vidole viwili, cha shahada na cha kati, akifuata njia ambayo mkono utaifuata wakati wa kuandika, huku akitamka sauti. Anatamka /m/ kwa midomo iliyofungwa, haiti "em" wala "ma". Tunampa herufi mbili au tatu kwa pamoja, zisizofanana kwa umbo wala kwa sauti, katika hatua tatu. Kwanza mwalimu anasema: "Hii ni /m/." Kisha anaomba: "Nionyeshe /m/. Iweke hapa. Nipe." Mwisho kabisa ndipo anauliza: "Hii ni ipi?" Walimu wengi huanza na swali hilo la mwisho, mtoto akakwama mbele ya wenzake. Asipojua katika hatua ya pili, tunafunga somo kwa upole na kurudi siku nyingine.

Sauti kama sh, ch, ny, th, dh na ng' tumezikata kila moja kwenye kibao kimoja, maana kwa sikio la mtoto ni sauti moja. Faida yake niliiona kwa mvulana wa miaka mitano mwezi huu. Alitandika mkeka, akachukua sanduku la herufi za kupanga, akataka kuandika habari za ng'ombe wa babu yake kule Marangu. Akapanga n, g, o, m, b, e. Akasoma kwa sauti. Akatulia, akasoma tena, akatikisa kichwa. Alichosikia kilianza kama ngoma. Akarudi kwenye sanduku, akatoa n na g kwenye mkeka, akaweka ng' badala yake, akaendelea: ng'ombe anakula majani. Mtoto huyu ukimpa penseli leo mistari yake bado inayumba. Lakini ameandika sentensi, na ameisahihisha mwenyewe kwa sikio lake. Jioni alizirudisha herufi sandukuni. Hakuna daftari lililobaki la kumwonyesha mama yake.

Penseli tunayo, msidhani tumeipiga marufuku. Wakubwa wanaitumia kwenye fremu za chuma zenye maumbo kumi, wanazungushia umbo na kulijaza kwa mistari iliyobanana toka kushoto kwenda kulia. Karatasi hizo huwa tunazituma nyumbani.

Hesabu niipitie haraka. Wadogo walikuwa na sanduku la vijiti, lenye vyumba vya 0 hadi 9 na vijiti 45. Chumba cha sifuri hakipati kitu, na mtoto anapofika mwisho akikuta vijiti vimetosha bila kubaki, anajua kazi imekwenda sawa. Wakubwa waliingia kwenye shanga za dhahabu: moja, kumi kwenye waya, mia kwenye mraba, elfu kwenye mchemraba. Mijakaranda ilikuwa imechanua, kwa hiyo waliofagia uwanja walirudi na maua ya zambarau wakayapanga kumi kumi wenyewe. Kumi na moja hadi kumi na tisa huwa rahisi kwao kwa kuwa jina linataja kumi na kinachobaki. Wanakwama ishirini, thelathini, arobaini. Hapo tunarudi kwenye shanga, makumi mawili mkononi, makumi matatu, hadi jina likae.

Mazingira yetu yako dirishani. Oktoba Mlima Kilimanjaro hujitokeza asubuhi kabla mawingu hayajaufunika, basi waliowahi waliufinyanga kwa udongo: Shira kushoto, Kibo katikati, Mawenzi kulia. Mmoja alimweka Mawenzi kushoto, akaenda dirishani, akarudi kumhamisha. Baada ya hapo tukatoa sinia mbili, moja ya kisiwa na moja ya ziwa. Udongo ule ule na maji yale yale: kwenye moja maji yamezunguka nchi kavu, kwenye nyingine nchi kavu imezunguka maji. Wanaofahamu Ziwa Chala waliliona hapo hapo.

Najua shinikizo linatoka wapi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima, na ilikuwa hatua njema sana kwa watoto wa nchi hii. Lakini sehemu nyingine imeeleweka kama ruhusa ya kuishusha Darasa la Kwanza hadi chekechea, na usaili wa kujiunga na shule za msingi unamtisha mzazi. Mwenye hofu hiyo namkaribisha darasani. Kaa kwenye kiti kidogo kando ya mlango, saa mbili hadi saa tano, simu ikiwa kimya, bila kumwita mwanao. Mtazame tu anachochagua na anavyokimaliza.

Nyumbani msinunue zana. Mpe kidumu kidogo ajaze maji ya kunawa wageni. Akunje leso zake, afunge vifungo vya shati mwenyewe hata kama mnachelewa, akusaidie kuchagua mchele kwenye ungo. Mkiwa njiani chezeni mchezo wa sauti: "Naona kitu kinachoanza na /k/." Naye akikwambia "kuku", muulize sauti inayofuata ni ipi. Anayetaka kuja kuangalia Novemba aniambie siku moja kabla, niweke kiti.