Dopamini na sungura wa Lund: yanayosemwa na ukweli wake

Siku hizi dopamini, kemikali ambayo seli za ubongo hutumia kuwasiliana, ni neno la mitandaoni. Video ikikuchekesha, "dopamini imepanda". Ukiweka simu pembeni wikendi nzima, eti "umefunga dopamini". Aliyeitoa gizani, Mswidi Arvid Carlsson, mtaalamu wa famakolojia, hakuwa akitafuta raha. Alikuwa akiwaangalia sungura walioshindwa kusogea.

Dhana: Dopamini ni kemikali ya raha.

Kazi yake ya mwanzo kubainika ni mwendo wa mwili. Mwaka 1957, katika chuo cha Lund, Sweden, Carlsson na wenzake waliwapa sungura reserpini, dawa iliyotokana na mzizi wa India na iliyokuwa ikitumika kwa presha na magonjwa ya akili. Sungura wakalala tuli, masikio yamelegea kama kitambaa kilicholowa. Kisha wakachomwa DOPA, malighafi ambayo mwili hutengenezea dopamini. Haikupita hata nusu saa, masikio yakasimama na wenyewe wakaanza kutembea.

Hadi hapo wengi walidhani dopamini ni hatua ya njiani tu, ya kutengenezea noradrenalini, kemikali nyingine ya ubongo. Lakini ubongo wa sungura wale ulipopimwa, noradrenalini ilikuwa haijarudi. Iliyorudi ni dopamini. Kuhusu raha, ndiyo, inahusika, ila zaidi katika kutamani kitu na kujifunza kukifuata. Na kuifunga huwezi: ubongo unaendelea kuitengeneza hata simu ikiwa kabatini.

Dhana: Ikipungua, si unaongezewa tu?

Wanaotetemeka na kukakamaa kwa ugonjwa wa Parkinson wamepungukiwa dopamini kweli. Lakini kati ya damu na ubongo kuna kizuizi, na dopamini haipiti. Ndiyo maana dripu ya dopamini katika chumba cha wagonjwa mahututi hupandisha presha, haimnyooshei mgonjwa wa Parkinson mkono. Kinachopita ni levodopa, yaani ile DOPA ya sungura. Madaktari wa Vienna waliripoti mwaka 1961 kwamba wagonjwa waliochomwa waliinuka, kwa saa chache tu. George Cotzias, Marekani, ndiye aliyeonyesha mwaka 1967 kwamba dozi ikipandishwa polepole nafuu hudumu. Nafuu, si kupona: seli zinazotengeneza dopamini zinaendelea kufa.

Dhana: Ukivumbua jambo kubwa, wenzako watakupigia makofi.

Kabla ya sungura, Carlsson alikosa nafasi ya kazi Lund. Waliomtathmini waliona utafiti wake wa kalsiamu hauna uzito katika famakolojia. Mimi ningenuna mwaka mzima. Yeye alikwenda Marekani kwa mtafiti Bernard Brodie, akakaa miezi mitano, akarudi na ujuzi wa kupima kemikali za ubongo. Hata alipokuwa na matokeo mkononi, mkutano wa London wa 1960 ulimpokea kwa mashaka, na mkongwe wa famakolojia, Henry Dale, akasema DOPA ni sumu. Nobeli ilikuja mwaka 2000, akigawana na Paul Greengard na Eric Kandel.

Dhana: Sonona ni upungufu wa serotonini, basi.

Carlsson mwenyewe alishiriki kuunda zimelidini, kati ya dawa za kwanza za kuiacha serotonini, nayo kemikali ya ubongo, ikae zaidi baina ya seli. Iliingia sokoni 1982, ikaondolewa 1983 kwa sababu ya madhara kwenye neva. Fluoksetini inayoandikwa kliniki leo ni ya ukoo huo. Huongeza serotonini ndani ya saa chache, ilhali mgonjwa husubiri wiki kadhaa kuona nafuu. Kama tatizo lingekuwa upungufu tu, angeamka mzima kesho yake.